Siku sita na Kombi ya mwaka 1974: Mwanza, Ukerewe, Musoma

Jioni ya kabla ya safari, Nyegezi

Kombi yangu, Volkswagen ya zamani, imesimama chini ya mwembe, uso umeelekea barabarani, na mjomba yuko chini yake juu ya mkeka. Miguu yake tu ndiyo inaonekana. Kila baada ya muda mkono unatokea na mimi naweka ndani yake anachotaka: spana namba 13, tochi, kitambaa. Amewahi kuendesha magari ya namna hii miaka ya sabini, wakati barabara ya Musoma bado ilikuwa ya vumbi, na nilipomwambia mwaka juzi kwamba nimenunua Kombi yenye kitanda ndani aliniuliza swali moja tu: "Mabati yake yote yapo?"

Sikumwelewa siku ile. Nilidhani anauliza habari za bodi, nikamjibu kwamba bodi ni nzima, rangi mpya kabisa. Bodi yenyewe haikuwa nzima. Chini ya rangi ile mpya kulikuwa na pati nene, na chini ya pati kulikuwa na kutu iliyokula kingo za chini za milango, sehemu za kuwekea jeki, na kisahani kinachobeba betri kule nyuma karibu na injini. Kazi ya kukata na kuchomelea ilichukua wiki tano. Anayenunua gari la umri huu asiangalie rangi. Alale chini na tochi na bisibisi, agonge kila kona, na asikilize bati linalotoa sauti butu.

Lakini mjomba alikuwa anauliza mabati mengine. Injini ya Kombi hii haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo wa feni, na upepo huo unaongozwa na mabati yaliyozunguka silinda zote nne ili ufike panapotakiwa. Kando ya injini kuna mpira mrefu unaoziba nafasi iliyobaki kati ya mabati na bodi, ili hewa ya moto iliyokwisha kupita chini isirudi juu kuvutwa tena na feni. Fundi aliyewahi kuishika kabla yangu alifungua baadhi ya mabati yale akayatupa. Nadhani aliona ni mzigo tu, na kwamba injini itapata hewa zaidi ikiwa wazi. Kwa gari la rejeta mtu anaweza kufikiri hivyo. Kwa injini hii, kuondoa bati ni kama kutoboa bomba la maji halafu kushangaa shamba linakauka.

Tulihangaika miezi minne kuyapata. Mawili yalitoka kwenye Kombi iliyokufa, nyuma ya nyumba ya mtu Igoma, kuku wakilala ndani yake. Moja tulilichonga wenyewe kwa bati la debe nene, mjomba akilipima kwa kadibodi. Mpira wa pembeni ulikuja kwa posta kutoka Ujerumani na ulikuwa ghali kuliko nilivyotegemea, lakini tangu siku tulipoufunga injini imebadilika.

Kesho tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mjomba ametoka chini, amefuta mikono, amesema mpira wa petroli nao ameubadilisha wote. "Huu usiufanyie uchumi, mpwa wangu. Kombi nyingi nilizoziona zimeungua, ziliungulia hapa." Akanionyesha kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta: kimesukumizwa tu, kikilegea kinachomoka na petroli inamwagikia injini yenye moto. Chetu amekifunga kwa waya mwembamba kisiweze kutoka. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uko nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo mkono unafika mtu akiwa nje amesimama.

Siku ya kwanza: Nyegezi hadi Lamadi

Kama kilomita 120. Kwa basi ni saa mbili. Sisi tulitumia nne na nusu, na huo si uvivu. Gari lenye nguvu farasi 50, linalobeba kitanda, kabati, sinki, maji, jiko la gesi na watu wawili, linataka kwenda kilomita 70 kwa saa na kuachwa hapo. Ukilisukuma hadi 90 litakwenda, na silinda ya tatu, ile inayopata joto kuliko nyingine, italipa gharama.

Tulivuka Nyakato na Igoma kabla bodaboda hazijajaa. Kisesa tulikunywa chai. Baada ya hapo barabara inafunguka, na ndipo mtu anapoijua Kombi upande wake mwingine: uso wake ni kama ukuta, na dereva amekaa juu kabisa ya matairi ya mbele. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma kwanza pembeni, halafu unakuvuta. Mara ya kwanza nilishika usukani kwa nguvu nikalipindisha gari. Mjomba alinifundisha kushika kwa ulaini, kulegeza gesi kidogo basi linapokaribia, na kuacha gari lirudi lenyewe.

Kila baada ya saa moja tunasimama. Hakuna mshale wa joto kwenye dashibodi. Magari haya hayakuwekewa. Mjomba ana njia yake ya zamani: anachomoa fimbo ya oili na kuishika sehemu ya chini kwa vidole. Akiweza kuvumilia akahesabu hadi tano, tunaendelea. Akiiachia kabla ya tatu, tunakaa kivulini. Oili ndani ya injini hii ni lita mbili na nusu tu, na inafanya kazi mbili, kulainisha na kupoza. Kwa hiyo upungufu wa robo lita ambao kwenye gari jingine usingeuona, hapa una maana.

Magu tulisimama kununua matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mzee mmoja alikuja akaizunguka Kombi taratibu, mikono nyuma, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hii niliipanda mimi nikiwa kijana. Inapiga vilevile."

Alitaka kusikia ikiwashwa, tukamwashia. Mwenye gari hili ajiandae kwa hayo: hakuna kituo cha kujaza mafuta wala soko ambapo utaondoka bila kusimuliwa. Usiwe na haraka na watu hao. Mzee huyohuyo ndiye aliyetuambia kwamba Lamadi tusiegeshe ufukweni kabisa, viboko wanapanda usiku kula majani, na kiboko hajali gari.

Tumelala ndani ya ua wa nyumba ya wageni, kwa ruhusa ya mwenyewe, tukalipia choo na bafu. Nimenyanyua paa la Kombi, ambalo hufunguka kwenda juu. Kupitia dirisha la turubai naona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Giza ni zuri kwao. Mbalamwezi ikikolea wanapumzika.

Siku ya pili: Lamadi, Bunda, Kisorya, Nansio

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Kabla ya chai kuna kazi ambayo sasa naifanya bila kuambiwa: oili, mkanda wa feni, maji ya betri, upepo wa matairi, halafu kulala chini na kutazama ardhi mahali injini ilipokuwa. Kombi inadondosha oili. Ikidondosha matone matatu au manne usiku, hiyo ndiyo hali yake. Yakiwa ghafla kumi na tano, kuna jambo. Nikikuta pamekauka kabisa huwa narudi kwenye fimbo kuhakikisha kwamba oili haijaisha.

Tulipita karibu na lango la Ndabaka, lango la magharibi la hifadhi ya Serengeti, nyani wamekaa pembeni ya lami kama abiria. Bunda tulijaza petroli na kununua mkate. Kisha tukashika barabara ya Kibara kuelekea Kisorya, ziwa likijitokeza upande huu na kupotea.

Kisorya ndipo gari lilipotutia aibu mbele ya watu, ingawa kosa halikuwa lake. Tulifika saa saba mchana, jua kali, foleni ya magari ikisubiri kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa kisiwa cha Ukerewe. Tukazima injini. Tukakaa kama dakika arobaini. Kivuko kilipofika na magari yakaanza kuingia, nikawasha. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Nikarudia. Nyuma honi zikaanza.

Mjomba hakusogea haraka. Alifungua mlango wa injini, akaniambia niache stata kabla sijaua betri. "Petroli imechemka," akasema.

Ndivyo ilivyo. Injini inayopozwa na feni, ukiizima, feni nayo inasimama. Joto lote lililokuwa kwenye chuma linapanda juu, linaikuta pampu ya petroli na bomba lake, na petroli iliyomo inageuka kuwa mvuke. Pampu inasukuma mvuke, kabureta haipati kitu. Dawa yake ni kupoza na kusubiri. Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kapu alitoa maji kwenye dumu lake, tukalowesha kitambaa tukakilaza juu ya pampu na bomba. Lakini kivuko hakingoji. Vijana wanne wakaja, wakasukuma Kombi hadi ndani ya kivuko, mimi nikiwa kwenye usukani na mjomba akitembea pembeni na kigingi cha mti cha kuzuia tairi. Nikaacha gia ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, tukaweka kigingi.

"Mnalala humohumo, baba?" yule mama aliniuliza tukiwa majini, akichungulia ndani.

"Ndiyo mama. Kitanda kiko hapo nyuma."

"Na mkeo anakubali?"

Nilimwambia mke wangu amebaki Mwanza kwa sababu ya kazi, na kwamba mwezi wa sita tutakuja naye. Alitikisa kichwa, akasema nikija naye nipite Nansio sokoni nimuulizie, anauza machungwa.

Mjomba hakuongea sana wakati wa kuvuka. Yeye na ndugu wengine walikuwa na jamaa kwenye MV Nyerere, kivuko kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kufika Ukara kutoka Bugolora, upande wa pili wa kisiwa hiki. Zaidi ya watu 220 walikufa. Alikuwa anaangalia maji, na mimi nikamwacha.

Rugezi, injini iliwaka kwa kugusa mara moja. Tangu leo, kwenye foleni yoyote ya jua, tunafungua mlango wa injini mara tu tunapozima, na kitambaa chenye maji kinakaa tayari.

Siku ya tatu: Nansio

Mvua ilianza kama saa tisa usiku. Niliamka kwa tone moja shavuni.

Turubai la paa ni la zamani na mishono yake imechoka. Tuliteremsha paa, tukabana vizuri, na tone likahamia kwenye fremu ya dirisha la pembeni, likawa linashuka nyuma ya kabati. Godoro lililowa upande mmoja. Kama unafikiria kununua gari kama hili, mwagia maji ya mpira kwa nusu saa kabla hujalipa, halafu ingia ndani ugusguse kila pembe kwa mkono. Maji yanayoingia ndiyo yanayoleta ile kutu ya kule chini, na wengi wanaotafuta chanzo cha kutu wanaangalia chini wakati chanzo kiko juu, kwenye mfereji wa paa na mipira ya vioo.

Mvua ilipokatika tulianika godoro. Wenyeji wetu, viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) wa mwalo, ufukwe wa kushushia samaki, tulioomba kuegesha hapo, walituletea sato wawili, na tulipotaka kulipa walikataa wa kwanza na kupokea wa pili. Tulipikia nje. Jiko la gesi lililomo ndani linafanya kazi, lakini nalitumia mlango mkubwa ukiwa wazi na paa likiwa juu, na kamwe si wakati wa kulala. Jiko la mkaa halipandi kabisa humu. Moshi wake wenye sumu hauna harufu ya kukuamsha, na chumba hiki ni kidogo kuliko stoo ya nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo tumeziba mabomba ya kuleta joto ndani ya gari. Kombi inapata joto la abiria kutoka kwenye ekzosi. Chuma kile kikitoboka kwa kutu, kinachoingia ndani si joto tu. Mwanza hatuhitaji hita.

Halafu tukafanya kazi iliyotufanya tulale hapa siku mbili: tapeti, yaani kupima na kurekebisha nafasi za valvu. Ni lazima injini iwe imepoa usiku kucha, ndiyo maana inafanywa asubuhi kabla ya kuwasha. Mjomba alinipa fila, bati jembamba la kupimia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuniacha nifanye peke yangu kwa mara ya kwanza.

Unaanza silinda ya kwanza, alama ya puli ikiwa juu kabisa. Nafasi kati ya skrubu na mkia wa valvu iwe milimita 0.15. Fila iingie kwa kukwaruza kidogo, isipite kama kwenye hewa na isikatae. Unafunga nati ya kuzuia, unapima tena, kwa sababu nati ikikazwa huwa inavuta skrubu. Halafu unazungusha puli nusu mzunguko kinyumenyume, unaenda silinda ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Kazi nzima ni valvu nane.

Niliposema kwamba valvu moja ya silinda ya tatu nafasi yake imekuwa ndogo, mjomba alisimama akaja. Alipima mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda.

"Hii ndiyo ya kuangalia. Valvu inayopiga kelele bado nzima. Ikinyamaza, uiogope."

Nafasi inapopungua, maana yake valvu inarefuka au kiti chake kinaliwa. Isipokaa vizuri kwenye kiti haipoi, kwa sababu inapoza joto lake kwa kugusa pale. Mwisho wake inaungua, au kichwa kinakatika na kuangukia pistoni. Na silinda ya tatu ndiyo yenye joto kuliko zote kwenye injini nyingi za namna hii, hasa zile za zamani ambazo kipozeo cha oili kiliwekwa kwenye njia ya hewa yake. Tumerekebisha, nimeandika kwenye daftari kipimo na kilomita. Tutapima tena tukifika nyumbani. Ikiwa imepungua tena, heda, kile kichwa cha silinda chenye valvu, itafunguliwa.

Watoto walikuwa kumi na mmoja nilipowahesabu, wamechuchumaa nusu duara. Mmoja, binti wa kama miaka tisa, alishika tochi saa nzima bila kuyumba. Alijua kabla yangu valvu ipi inafuata.

Siku ya nne: Nansio hadi Musoma

Kivuko cha asubuhi, hewa baridi, injini haikusumbua. Kisorya, Kibara, Bunda. Chakula cha mchana Bunda, wali na dagaa.

Kilima cha Balili kiko mara tu ukitoka Bunda kuelekea Musoma. Nilikuwa gia ya tatu, nikashuka ya pili, na katikati ya mwinuko taa nyekundu ya chaji ikawaka.

Kwenye baadhi ya magari taa ya chaji ina maana betri haijazwi tu, na mtu anaweza kuendesha hadi gereji. Kwenye injini ya Kombi hii, mkanda unaozungusha dinamo ya kuchaji betri ndio huohuo unaozungusha feni. Mkanda ukikatika, hakuna upepo kwenye silinda. Una dakika chache sana, na kwenye mlima una chache zaidi. Nilizima pale pale, gari likiwa bado linatembea, nikalipeleka pembeni kwa ule mwendo uliobaki. Mjomba alikuwa ameshafungua mlango kabla halijasimama, anaweka pembetatu.

Mkanda ulikuwa umechanika kama kamba ya katani. Wa akiba tunao, mpya, tena wawili. Puli ya dinamo inafunguka vipande viwili. Unaingiza bisibisi kwenye pengo lililo pembeni mwa puli ili isizunguke, unafungua nati kwa spana namba 21, na ndani kuna washa nyembamba kadhaa, vile viduara vya bati. Washa zikiwa nyingi katikati ya vipande viwili, mkanda unalegea. Ukizitoa na kuzihamishia nje, chini ya nati, mkanda unapanda na kukaza. Tulitoa moja, tukapima kwa kidole gumba: unabonyea kama sentimita moja na nusu. Kazi yote dakika 25, na dakika kumi kati ya hizo zilikuwa za kusubiri chuma kipoe.

Askari wa usalama barabarani wawili walisimama na pikipiki. Walitaka kuona mtungi wa moto na pembetatu, vyote vilikuwepo, halafu mmoja akatushikia tochi ya simu ndani ya injini ingawa ilikuwa mchana. Alisema baba yake alikuwa dereva.

Kwa nini mkanda ulikatika? Hili lilinisumbua njia nzima hadi Musoma, maana ulikuwa na miezi mitano tu. Nadhani niliukaza kupita kiasi mara ya mwisho. Mkanda uliokazwa sana unakula pia beringi ya dinamo. Niliogopa ulegevu nikaenda upande wa pili.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Makoko, mawe makubwa, maji yamekuwa rangi ya shaba. Sikuoga ziwani, kichocho kipo kando ya ziwa hili, na bafu lilikuwepo.

Siku ya tano: Musoma

Siku ya spea na umeme.

Taa za mbele zimekuwa hafifu tangu niinunue, na usiku mmoja nililiona shimo limeshafika chini ya tairi. Fundi umeme wa hapa, kijana makini, alipima nguvu ya betri halafu nguvu inayofika kwenye balbu. Inayopotea njiani ilikuwa nyingi. Waya za miaka hamsini, moto wote wa taa ukipita kwenye swichi ya dashibodi. Aliweka rilei mbili, swichi zinazowashwa kwa umeme, karibu na taa, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akasafisha sehemu zote za arthi kwa msasa. Usiku huu tumezijaribu. Ni gari jingine.

Mikanda: tulizunguka maduka manne na kipande kile kilichochanika mfukoni. Duka la nne walikuwa na wa kipimo hicho, wa mashine ya kusaga. Upo kwenye kabati sasa, wa pili wa akiba. Plagi zinapatikana, betri inapatikana, oili nzito inapatikana, matairi ya inchi 14 ya kubebea mzigo yanapatikana kwa sababu ya magari ya biashara. Kisichopatikana kando ya ziwa hili ni vitu vya Kombi yenyewe: gasketi za heda, mipira ya madirisha, waya mrefu wa klachi, vikombe vya breki. Hivyo naagiza kabla havijahitajika. Ujerumani waliacha kuiunda Kombi ya umbo hili mwaka 1979, lakini Brazil waliendelea na umbo hilo, kwa mabadiliko machache, hadi 2013, na ndiyo sababu vipuri vingi vya bodi bado vipo duniani. Posta inachukua wiki sita hadi miezi mitatu. Mwenye Kombi anaishi miezi mitatu mbele ya gari lake.

Mchana mjomba alitaka kwenda Mwigobero kuangalia mitumbwi. Tulikaa hadi jua lilipopungua ukali. Aliniambia habari za safari ya mwaka 1978, Kombi ya misheni, yeye, padri mmoja na mgonjwa wa kujifungua nyuma, waya wa gesi, ule unaovutwa na pedali ya mafuta, ulipokatika kati ya Bunda na Lamadi usiku. Alikaza skrubu ya sailensa, ile inayopanga mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, kwenye kabureta hadi injini ikawa inazunguka kwa kasi ya kutembea, akaendesha hivyo, bila kukanyaga kitu, kwa klachi na gia tu, hadi alfajiri. Mtoto alizaliwa salama hospitalini. Nimekaa na mjomba huyu miaka yote na sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Siku ya sita: Musoma hadi Nyegezi

Tuliondoka gizani kukwepa joto. Balili tukiwa tunashuka, Lamadi saa tatu, Magu tukamtafuta yule mzee ili tumpe samaki tukaambiwa amekwenda shamba. Tukaacha kwa mjukuu wake. Fimbo ya oili mjomba aliishika hadi saba kila tuliposimama.

Kwa jumla tumetembea kama kilomita 660. Petroli lita 84. Oili tumeongeza nusu lita na kidogo. Mkanda mmoja, rilei mbili, godoro ambalo bado lina harufu ya unyevu. Siku mbili kati ya sita tumezitumia kwa gari lenyewe, na nikizitazama siku zilizotangulia, hesabu hiyo haijabadilika sana tangu nilipolinunua: theluthi ya muda ni yake. Asiyekuwa na theluthi hiyo ya kumpa, namshauri anunue Haisi ya miaka ya karibuni na kuweka godoro ndani, atafika kila mahali tulipofika sisi. Mimi muda huo ninao, na ninautoa kwa moyo.

Jioni, injini ikiwa bado na joto, tulimwaga oili. Gari hili halina filta ya oili ya kuzungusha na kutupa. Lina chujio la wavu tu pale chini, la kufungua na kuosha. Mjomba aliligeuza kwenye mwanga akipitisha kidole polepole, akitafuta vipande vya chuma. Hakukuwa na kitu, ila masizi na uzi mmoja wa gasketi. Kesho asubuhi, ikipoa, nitapima ile valvu ya silinda ya tatu.

Oili chafu ameomba aondoke nayo kwenye dumu. Nguzo za banda lake la mbuzi zimeanza kuingiwa na mchwa, anataka kuzipaka kabla ya mvua.